Mama Futi Atafuta Pa Kuandikia

Mtaani walimwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Aliivaa kwenye cherehani, aliivaa sokoni, na siku moja aliivaa msibani juu ya nguo nyeusi bila kujijua, mpaka jirani akamnong'oneza kwamba marehemu ameshapimwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na sauti iliyozoea kushindana na cherehani. Duka lake lilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa. Katikati palikuwa na meza kubwa ya kukatia, cherehani mbili zilikaa dirishani, na pembeni kulikuwa na kioo kirefu na pazia la kijani ambalo wateja walijaribia nguo nyuma yake. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, ndiye aliyepiga pasi. Kazi ile aliishika kwa muda tu, mpaka apate shughuli nyingine. Alikuwa akisema hivyo tangu alipostaafu.

Ungedhani mali ya fundi ni cherehani. Mali ya Mama Futi ilikuwa maboksi. Kwa miaka yote alikata pateni zake, vielelezo vya kukatia nguo, kwenye maboksi ya sabuni na biskuti: mgongo wa mwanamke mnene wa juu, mgongo wa mnene wa chini, bega lililoshuka, bega lililopanda, kifua cha msichana, kifua cha mama mwenye watoto sita. Akija mteja, Mama Futi alimtazama mara moja, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatungua boksi linalomkaribia, akaongeza hapa na kupunguza pale. Nguo ilikaa kama imemwagwa mwilini.

Kisha bomba la ghorofa ya juu likapasuka siku ambayo duka lilikuwa limefungwa. Walipofungua, maboksi yote yalikuwa uji. Mumewe, kwa nia njema, alijaribu kuyakausha kwa pasi, na hapo ndipo yalipokufa kabisa.

Fundi mwingine angetafuta maboksi mengine akaanza upya. Mama Futi alizoa uji ule kuanzia chai ya asubuhi mpaka chai ya jioni, halafu akatangaza kwamba hatakata tena pateni kwenye kitu kinachoyeyuka. Vipimo vyake vitaingia kwenye kompyuta. Mumewe alimkumbusha kwamba kompyuta nayo haipendi maji. Akamjibu kwamba kompyuta angalau mtu anaweza kuibana kwapani akakimbia nayo.

Alijaribu kwanza programu za watu wengine. Zote zilijua mwili mmoja tu, wa mwanasesere wa dirishani, usio na nyonga wala historia. Ndipo akaamua kuandika yake. Maktaba ya umma ilikuwa na darasa la jioni la watu wazima, na yeye akajiandikisha, akakaa mbele pamoja na mhasibu mstaafu na mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya kiyoyozi. Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Alisahau kufunga mabano, alichanganya sufuri na herufi O, na kila kosa lilipotokea aliiambia skrini “ngoja kwanza” kama vile inaondoka. Lakini alirudi kila jioni, na mwisho akaweza kuiambia kompyuta jambo alilolitaka: nipe kifua, nipe kiuno, nipe nyonga, nikupe vipande vya kukata.

Mumewe aliposikia kwamba mkewe sasa anaandika kodi, alizima pasi akauliza kama mwenye nyumba amepandisha tena. Ilibidi aelezwe kwamba kodi hii si ya nyumba wala ya serikali, ni maagizo ambayo mtu huiandikia kompyuta. Akasema wangeitafutia jina lisilotisha watu.

Matatizo yalianza siku mwalimu wa maktaba alipowaambia kila mmoja akachague kihariri chake. Kihariri, aliwaeleza, ni programu ya kuandikia programu. Ni kama meza ya kukatia: kitambaa ni kilekile, lakini kila fundi ana meza anayoizoea, na hakuna anayeweza kumchagulia mwenzake. Mama Futi alirudi nyumbani akiwa na furaha. Kwake jambo hilo lilikuwa dogo. Alikuwa na watoto wawili, na wote wawili walikula kwa kazi hiyohiyo ya kuandika programu.

Mkubwa, ambaye nyumbani walimwita Injinia tangu alipobomoa redio ya baba yake akiwa darasa la pili, alikuwa mtu wa mashati yaliyonyooka na maneno yaliyonyooka. Mdogo alikuwa binti, Kitinda, mwembamba, mcheshi, mbishi kama kufuli lenye kutu. Waliwahi kufanya kazi pamoja katika ofisi moja ndogo. Siku moja Injinia alifungua mafaili ya dada yake katika kihariri chake, na kihariri kile, kwa unadhifu wake, kikanyoosha kila mstari bila kuombwa. Kitinda aliporudi alikuta kazi ya majuma mengi imepangwa upya kama kabati la mtu mwingine. Alisema neno. Kaka yake alijibu maneno. Tangu hapo walikutana kwenye harusi na mazishi tu, na hata huko walisalimiana kupitia watoto. Mtu aliyeuliza sababu aliambiwa ni nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari, na wengi walidhani anafichwa jambo zito zaidi.

Mama yao alijua hawaongei, lakini aliamini ni mafua ya kindugu, yataisha yenyewe. Basi akawapigia simu wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, akawaambia mama yao anatafuta kihariri.

Injinia alifika Jumamosi na kompyuta yake ya zamani mkononi, zawadi kwa mama. Ndani yake alishaweka kihariri chake. Kilikuwa na kila kitu: mahali pa kuandikia, pa kuendeshea, pa kutafutia makosa, pa kuhifadhia, na vitufe vidogo vya rangi vilivyopangwa juu kama pini kwenye kifuko cha pini. Mama Futi alikiita Jumba siku hiyohiyo. Alisema ni nyumba ya vyumba ishirini aliyopewa mtu anayetafuta pa kuweka kigoda. Jumba lilikuwa zito kuamka. Ulipolifungua, ulikuwa na muda wa kuwasha pasi, kuitia maji na kupiga shati zima. Na likishaamka lilikuwa na mdomo. Ukiandika herufi mbili linakumalizia neno, na mara nyingi silo ulilotaka.

“Mbona linanidakia?” aliuliza.

“Linakusaidia, mama.”

“Baba yako naye huniambia hivyohivyo.”

Jumapili akaja Kitinda. Alilitazama Jumba, akacheka kwa pua, hakusema neno baya, akaweka chake. Hiki kilikuwa skrini nyeusi tupu yenye herufi za kijani. Hakikuwa na vitufe, picha wala kipanya. Kila jambo lilifanywa kwa kibodi. Kitinda aliruka ndani yake kama chura bwawani, mistari ikapanda na kushuka, na mama yake akavutiwa na vidole vile kuliko alivyovutiwa na kihariri. Akakiita Giza.

Kesho yake, peke yake, Mama Futi aliingia ndani ya Giza na hakuweza kutoka. Alipoandika, herufi zingine zilikubali na zingine zilifuta mistari. Alipobonyeza kitufe cha kutokea, hakuna kilichotokea. Alifunga kifuniko, akafungua: Giza lipo. Akachomoa waya: Giza lipo, kwa kuwa betri ilikuwa imejaa. Akamwita mumewe, mtu wa mitambo. Dereva alizunguka meza, akasema gari likigoma kuzima dawa yake ni kuliua kwa gia, akabonyeza vitufe vingi kwa mpigo. Giza likalia mlio mmoja mfupi na kubaki. Mwishowe walilifunika na kipande cha bitana, kama kasuku anayetukana, wakasubiri Kitinda apokee simu.

Kitinda, akijizuia kucheka, alimwambia aandike nukta mbili, kisha herufi moja, kisha alama ya mshangao.

“Yaani hata kutoka tu, mpaka nishangae?” akauliza mama yake.

Majuma yakapita, na Mama Futi hakuchagua. Katikati ya juma aliandika pale palipomfaa siku hiyo. Jumamosi Injinia alikuja, akafungua faili la mama yake katika Jumba, akarekebisha mawili matatu, akaacha kila kitu kimepangwa. Jumapili Kitinda alikuja, akafungua faili lilelile katika Giza, akaona mkono wa kaka yake, akaupangua. Hawakukutana wala hawakutajana. Lakini faili lile lilikuwa kama mtoto wa waliotengana, anayevalishwa sweta huku na kuvuliwa kule.

Na mama yao, ni kweli, hakuwa na haraka ya kumaliza jambo. Kwa muda mrefu Injinia alikuwa mtu wa simu ya dakika mbili, na Kitinda mtu wa “nitakuja mwezi ujao”. Sasa kila mmoja alikuja, akanywa chai, akamweleza mama yake ubora wa kihariri chake hadi jua likazama. Dereva alimwonya kwamba anachofanya ni kufuga paka wawili kwenye gunia moja. Yeye alimwambia apige pasi.

Ili lieleweke lililofuata, yafaa kujua tabia moja ya lugha ya kompyuta aliyofundishwa Mama Futi. Katika lugha hiyo, mstari ukiingia ndani kidogo, ni mali ya mstari ulio juu yake, kama mtoto aliyesimama nyuma ya mama. Ukitoka ukasimama ukingoni, unajitegemea. Mama Futi alikuwa ameandika: kama mteja ni mjamzito. Chini yake, kwa ndani, akaandika: ongeza nafasi ya tumbo. Aliuonea fahari mstari ule. Alikuwa ameutunga mwenyewe, na ulikuwa umeshamfaa mke wa muuza vioo.

Sasa, Jumba liliingiza mstari ndani kwa nafasi ndogo ndogo nne. Giza lilifanya kwa mruko mmoja mkubwa. Machoni zinafanana, lakini kwa kompyuta ni maji na mafuta. Ikafika Jumatatu moja programu ikakataa kabisa kufanya kazi, ikalalamika kwamba mistari imechanganyika. Mama Futi hakutaka kumpigia Injinia, maana angeuliza nani alishika faili, wala Kitinda, maana asingeuliza, angejua. Basi akaichukua mistari mwenyewe, mmoja mmoja, akainyoosha kwa jicho kama anavyonyoosha pindo la pazia. Programu ikakubali. Akajisifu moyoni, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Kulikuwa na harusi mtaani, na mashangazi wanne wa bwana harusi walitaka gauni za kufanana, za kitambaa cha zambarau kilichonunuliwa pamoja. Mdogo wao alikuwa na wajukuu. Mkubwa wao alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, hakuwahi kuolewa, na alitembea kama mtu anayekagua mstari. Mama Futi aliwapima mmoja mmoja, akaingiza vipimo, kompyuta ikampa vipande, akakata na kushona kwa siku chache kazi ambayo zamani ingemla majuma.

Walikuja kujaribu wote kwa pamoja. Wakaingia nyuma ya pazia la kijani, na kwa muda zikasikika zipu na minong'ono.  Pazia likafunguliwa, wakatoka kwa mpangilio wa umri. Mabegani, gauni zilikaa vizuri ajabu. Kifuani vizuri. Chini ya kifua, gauni zote nne zilifumuka mbele kama matanga, zikiacha nafasi ambayo ndani yake mtoto wa miezi saba angekaa bila kubanwa.

Dereva aliinamia pasi yake, mabega yakatikisika.

Shangazi mkubwa alijitazama kiooni mbele, akajigeuza ubavu, akashika kitambaa kilichozidi kwa vidole viwili.

“Fundi,” alisema kwa upole wa kutisha, “kuna habari yangu unayoijua wewe ambayo mimi sijaambiwa?”

 Mama Futi aliomba radhi kwa kila mmoja, akaahidi kuzirudisha zikiwa sawa kabla ya harusi, akashukuru kimoyomoyo kwamba kosa lilikuwa la kuongeza. Nguo iliyozidi hupunguzwa, iliyopungua haina dawa. Watatu walivua. Wa pili kwa umri alikataa kuvua. Alijipapasa tumboni akasema yeye anaijua harusi ile, anaujua na upishi wake, na kwamba katika maisha yake yote hajawahi kupata fundi aliyefikiria mbali kiasi hicho. Akaondoka na gauni lake.

Jioni ile Mama Futi aliwapigia simu watoto wake. Kila mmoja aliambiwa aje Jumamosi asubuhi, hakuna aliyeambiwa habari ya mwenzake. Kitinda alipofika alimkuta kaka yake ameketi kwenye meza ya kukatia, akageuka mlangoni. Baba yao alikuwa amesimama nyuma yake na pasi ya moto mkononi, akamwambia aingie tu, hakuna aliyekufa.

Mama yao aliwasimulia yote, mpaka neno la shangazi mkubwa. Injinia alisema hayo ndiyo matokeo ya kuandika gizani. Kitinda alisema hayo ndiyo matokeo ya nyumba inayojifagia yenyewe na kutupa vyombo. Sauti zikapanda. Mama Futi akapiga meza kwa mkasi, mara moja.

“Mimi sikuwazaa mje mgombane ndani ya faili langu,” alisema. “Kaeni. Kila mtu na kiwembe chake.”

Akawatupia gauni tatu za zambarau. Kazi yao ilikuwa kufumua mishono ya ubavu bila kutoboa kitambaa, yeye apunguze na kushona upya. Kufumua si kazi ya kugombania. Ukikasirika mkono unateleza, na mkono ukiteleza kitambaa kinakwisha.  Kisha Injinia akakata uzi vibaya, Kitinda akamwonyesha jinsi ya kuuinua kwanza kwa ncha, kama walivyofundishwa wakiwa wadogo mezani palepale. Injinia akasema asante. Halafu, bila kuinua macho, akasema kwamba siku ile ofisini hakukusudia kumpangulia kazi; alifungua tu, na alipoona kilichotokea aliona aibu kusema hakukijua kihariri chake mwenyewe.

Kitinda aliendelea kufumua. “Ungesema hivyo siku ileile,” alimjibu baadaye, “ningekucheka juma zima, basi, yangeisha.”

“Ndiyo maana sikusema.”

Kitinda akacheka, Injinia naye akacheka, na baba yao kutoka kwenye pasi akasema kwamba ndugu wakipatana chukua kapu, lakini yeye angechukua chai kwanza kama ipo.

Baada ya chai wakalifungua faili. Walisoma pamoja, vichwa vimekaribiana, na haikuwachukua muda kuuona mstari wa tumbo umesimama ukingoni peke yake, ukiwagawia wateja wote mimba bila ubaguzi. Injinia akasema Jumba haliwezi kufanya hivyo. Kitinda akasema wala Giza. Safari hii walikubaliana, na kukubaliana kwao kuliwafanya wageuke taratibu kumtazama mama yao.

“Mama,” akauliza Kitinda, “huu mstari nani kautoa nje?”

Mama Futi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga. “Nani alinichanganyia maji na mafuta?” akauliza.

Wakaona busara ni kutoendelea na uchunguzi. Wakatengeneza kitu ambacho wangeweza kukitengeneza zamani sana, kama wangekuwa wanaongea. Ni faili dogo linalokaa pamoja na kazi na kuviambia vihariri vyote, vya kila namna, mistari ya hapa huingizwa ndani hivi na si vinginevyo. Walibishana kidogo kama ziwe nafasi nne au mbili. Mama yao akasema nne, mambo ya mbili yanambana macho, ikawa sheria.

Likabaki la kihariri. Sasa kwa kuwa hapakuwa na vita, walitaka mama achague, tena achague mbele yao. Injinia alikuwa na matumaini. Jumba lilikuwa rahisi kwa mwanafunzi, linaonyesha kosa kwa wino mwekundu, na mama alishazoea kulikoromea. Hata Kitinda alikuwa tayari kushindwa, maana hakusahau habari ya kasuku na bitana.

Mama Futi akachagua Giza.

Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba mezani kwake kipanya hakiishi. Kinazama kwenye vitambaa, kinalishwa nyuzi na vumbi la chaki, na juma lililopita baba yao alikipiga pasi kikiwa chini ya sketi, kikatoka na mgongo ulioyeyuka. Dereva alithibitisha kwamba kilikuwa kimejificha. Tena, akasema, herufi kubwa kwenye weusi hazimwumizi macho, na asubuhi Giza linafunguka kabla hajakaa vizuri. Lakini kubwa zaidi ni kwamba Giza ni jinga: halifanyi jambo mpaka uliambie. Yeye kwa miaka yote ameishi na mtu anayemmalizia sentensi, hataki wa pili.

Injinia aliumia kidogo, akaficha. Aliuliza kama angalau Jumba linaweza kubaki kwenye kompyuta, kwa dharura. Mama akaruhusu, na akamwahidi kwamba siku akihitaji vyumba ishirini atahamia. Kitinda akajiandaa kushangilia, akamtazama kaka yake, akaamua kumwomba sukari.

Kuhusu kutoka, Mama Futi aliandika nukta mbili na herufi yake kwa chaki ya kitambaa ubavuni mwa cherehani. Ilifutika mara nyingi kwa mikono ya wateja, akaiandika tena mara nyingi, mpaka siku moja alisahau kuiandika na asigundue. Vidole vilikuwa vimeshajifunza, kama vilivyojifunza zamani kutia uzi kwenye sindano bila kutazama.

Gauni tatu zilimaliziwa na kupelekwa kwa wakati. Shangazi mkubwa alijigeuza ubavu mbele ya kioo cha kwake, akalipa, na kabla ya kufunga mlango akamwagizia Mama Futi suti mbili, jambo ambalo kwa mwanamke yule lilikuwa sawa na kukumbatiwa. Habari zikaenea. Mafundi wawili wa mtaa wa pili walikuja kutazama fundi anayeandika kwa herufi za kijani, wakaomba nao wapewe ile programu. Injinia na Kitinda wakaitengenezea sura nzuri ya kutumia, wakiwa wamekaa meza moja, kila mmoja na kihariri chake, faili dogo likiwalinda.

Mwaka ule Mama Futi akaamua kuingia kwenye suruali za wanaume, ambazo siku zote alizikwepa. Zikamshinda mwanzoni. Alipima sawasawa, kompyuta ikahesabu sawasawa, na bado kila mteja alirudi akisema kiuno kinabana. Akawachunguza akiwapima, akaelewa. Hakuna mwanamume aliyepimwa kiuno akiwa anapumua. Futi ikizunguka tu, tumbo linarudi ndani, kifua kinatoka, macho yanatazama dari kama yanatafuta nzi.

Jumamosi moja Injinia alifungua faili aone mama amefikia wapi. Alikuta mistari miwili mipya, imepangwa vizuri, mmoja umeingia ndani nafasi nne kamili. Wa juu ulisema: kama mteja ni mwanamume. Wa chini ulisema: ongeza kiunoni sentimita tatu. Na sentimita zile, kwa kuwa mwalimu wa maktaba alikuwa amemfundisha kwamba kila namba ipewe jina linaloeleza kazi yake, Mama Futi alikuwa amezipa jina “majivuno”.

Injinia alimwita dada yake aje aone. Kitinda akasoma, akamgeukia kaka yake, akamwomba asimame wima wampime.